Ndoano ndogo, kubwa au ya kati: Hesabu ya mvuvi na mchuuzi wa samaki

Ukifika Soweto jijini Mbeya asubuhi na mapema, kabla daladala hazijaanza kugombea abiria, utawakuta akina mama wa samaki wakipanga mafungu yao. Wapo wenye usipa kutoka Kyela, wenye kambale kutoka Ziwa Rukwa, na wenye migebuka iliyosafiri kutoka Ziwa Tanganyika kupitia Sumbawanga na Tunduma. Mteja akija huuliza bei ya fungu, lakini jicho lake liko kwenye ukubwa wa samaki.

Ni hapo nilipokutana na mama mmoja ambaye amefanya biashara hiyo kwa miaka mingi. Hakupenda jina lake liandikwe gazetini. Baada ya "shikamoo" na "marahaba mwanangu," alinieleza shida yake. Alikuwa amepata mkopo kwenye kikundi chao cha kuweka na kukopa, na alitaka kumsaidia mvuvi mmoja wa Kyela kununua ndoano na kamba, kwa makubaliano kwamba samaki watakaopatikana atauziwa yeye kwanza. Utaratibu huu ni wa kawaida sana kati ya wachuuzi na wavuvi wetu. Shida ilikuwa kwamba mvuvi alitaka ndoano ndogo, na mama alitaka kubwa.

"Yeye anasema ndoano ndogo haikosi kitu, haba na haba hujaza kibaba," aliniambia. "Mimi naona kila mwaka samaki wanazidi kuwa wadogo, na wateja wangu wa hoteli wanataka wakubwa. Wewe umesoma mambo ya uchumi. Nani yuko sahihi?"

Nilimwomba muda. Swali lake lilionekana dogo, lakini ndani yake kulikuwa na ada ya shule ya mtoto wake na fedha ya wenzake kikundini. Makala haya ni jibu nililompa, na huenda likamfaa mvuvi, mfugaji wa samaki au mchuuzi mwingine mwenye swali kama lake.

Samaki naye ana hesabu zake

Tuanze na samaki mwenyewe. Samaki walao wenzao, kama sangara, mgebuka, kambale na mbasa, hawatafuni chakula kama ng'ombe. Wengi wao humeza windo zima. Kwa hiyo upana wa mdomo ndio mpaka wa kwanza wa kile wanachoweza kula. Samaki mdogo hawezi kumeza chambo kikubwa hata akikitamani namna gani, lakini samaki mkubwa anaweza kumeza chambo kikubwa na kidogo pia.

Mpaka wa pili ni wa kiuchumi. Kila samaki anapokimbiza windo hutumia nguvu. Samaki mkubwa akikimbiza kidagaa kimoja anaweza kutumia nguvu nyingi kwa chakula kidogo, ila pale vidagaa vinapokuwa vingi na vimekusanyika pamoja. Akipata windo kubwa analoweza kulimeza bila taabu, faida yake ni kubwa zaidi. Ndiyo maana samaki anapokua hubadili chakula. Sangara wa Ziwa Victoria akiwa mdogo hula zaidi uduvi na wadudu wa majini. Akikua hugeukia furu, dagaa na hata watoto wa sangara wenzake.

Kutokana na mambo hayo mawili tunapata kanuni ambayo utafiti wa uvuvi wa Ulaya na Marekani umeiunga mkono: chambo kikiwa kikubwa, wastani wa ukubwa wa samaki wanaonaswa hupanda, lakini idadi yao hushuka. Zingatia neno "wastani". Chambo kikubwa huwazuia wadogo. Chambo kidogo hakiwazuii wakubwa. Anayetumia chambo kidogo bado anaweza kumpata mkubwa siku moja, ila atampata katikati ya wadogo wengi.

Funzo kutoka Naivasha na kwa mkulima wa Georgia

Samaki ambaye jambo hili limejadiliwa sana kwake ni besi, yule wa Marekani mwenye mdomo mpana. Afrika Mashariki tunaye. Aliletwa Ziwa Naivasha, Kenya, mwaka 1929 kwa ajili ya uvuvi wa burudani, na baadaye akawa pia samaki wa biashara. Mwaka 1970 waliingizwa ziwani humo kamba wa maji baridi wenye asili ya Louisiana, na kamba hao wakawa chakula kikuu cha besi wakubwa. Mvuvi aliyetaka besi mkubwa wa Naivasha ilimpasa atumie chambo kinachofanana na kamba kwa ukubwa, kwa rangi na kwa mwendo wa kutambaa chini. Mwenye kuburuza kijichuma kidogo juu ya maji aliishia kupata wadogo.

Marekani kwenyewe besi ana historia inayopaswa kumfurahisha kila mkulima. Tarehe 2 Juni 1932, wakati uchumi wa dunia ukiwa umeanguka, kijana mkulima wa jimbo la Georgia aitwaye George Perry alivua besi wa kilo 10 na kidogo. Alitumia chambo bandia cha mti kilichochongwa mfano wa samaki. Familia yake ikamla. Rekodi hiyo haikufikiwa hadi Julai 2009, pale Manabu Kurita alipovua besi wa uzito unaokaribiana sana na huo katika Ziwa Biwa, Japani, naye alitumia samaki mdogo aliye hai kama chambo.

Tunajifunza nini hapo? Mmoja alitumia chambo bandia, mwingine chambo hai, lakini vyote viwili vilikuwa mfano wa mlo halisi wa samaki mkubwa mahali hapo. Kwa hiyo swali la kwanza la mvuvi lisiwe "ndoano namba ngapi?" bali "samaki ninayemtaka anakula nini hapa, na chakula hicho kina urefu gani?" Jibu unalo bure: mpasue tumbo samaki uliyempata leo, uangalie kilichomo, ukipime kwa rula.

Maji yetu na samaki wetu

Turudi nyumbani. Ziwa Nyasa lina mbasa, samaki anayependwa sana Kyela. Mbasa akiwa mdogo hula wadudu na viumbe wadogo wa majini. Akikomaa huwinda samaki, hasa usipa. Usipa aliyekomaa ana urefu wa kama kidole, na mkubwa kabisa hufikia sentimita 13 hivi. Kwa hiyo anayemtafuta mbasa kwa chambo bandia, yaani kile kijiko cha bati kinachong'aa na kuzunguka kikivutwa, hana sababu ya kutumia kikubwa kama kiganja. Urefu wa sentimita 8 hadi 12 unatosha, kwa kuwa ndio urefu wa chakula ambacho mbasa mkubwa amekizoea. Hapa "kikubwa" maana yake ni kikubwa kama usipa mkubwa.

Katika ziwa hilohilo yuko samaki mwenye sharubu ambaye jirani zetu wa Malawi humwita kampango. Huyu hukaribia urefu wa mita moja, huwinda usiku karibu na chini, na hunaswa kwa kamba ndefu yenye ndoano nyingi. Kwake kipande kinene cha samaki au samaki mdogo mzima ni chambo kizuri, na ndoano inaweza kuwa kubwa.

Ziwa Rukwa ni jambo jingine. Maji yake hayana kina kirefu na yana tope. Kambale wa huko hategemei macho. Hutafuta kwa harufu na kwa sharubu zake. Kwa kambale wa maji ya tope, uvundo wa chambo unaweza kuwa na maana kuliko urefu wake. Chambo kikubwa kilichooshwa na maji usiku kucha hadi kikapoteza harufu kinaweza kushindwa na kipande kidogo kibichi chenye damu. Kwa upande mwingine, katika maji maangavu ya Nyasa samaki anakiona chambo vizuri, anakiona pia kikiwa na kasoro. Huko kamba nene na ndoano inayochomoza huweza kumtisha.

Kwenye mito ya baridi ya nyanda zetu, kama Kiwira sehemu za juu, wako trauti walioletwa wakati wa ukoloni. Hao hula zaidi wadudu, na mwenye kuwafuata kwa ndoano kubwa atarudi na kikapu kitupu. Ndiyo kusema, hakuna ndoano moja iliyo bora kwa kila maji.

Kwa mtu asiye na pa kuanzia, chukua urefu wa samaki unayemtaka, ugawanye kwa nne, kisha kwa tatu. Chambo chako kiwe kati ya majibu hayo mawili. Kwa samaki wa sentimita 40 chambo ni kati ya sentimita 10 na 13. Kwa wa sentimita 60 ni kati ya 15 na 20. Hiyo ni njia ya kuanzia tu. Baada ya hapo tumbo la samaki litakusahihisha.

Usidanganyike na namba za ndoano

Wengi hupoteza fedha dukani kwa kutoelewa namba. Kwa ndoano nyingi, namba ikiwa kubwa ndoano ni ndogo. Namba 12 ni ndogo kuliko namba 8, na namba 8 ni ndogo kuliko namba 4. Ukishafika namba 1, hesabu inageuka: zinafuata 1/0, 2/0, 3/0 na kuendelea, na sasa namba ikipanda ndoano nayo inakua. Aliyeagiza "kubwa, namba 12" atapokea pakiti ya ndoano za kuvulia vidagaa.

Tena viwanda havilingani. Namba 8 ya kiwanda kimoja inaweza kuwa pana kuliko namba 8 ya kingine. Dawa yake ni rula. Pima nafasi kati ya ncha ya ndoano na mpini wake. Nafasi hiyo ndiyo inayoingia mdomoni, si ile namba iliyoandikwa kwenye boksi. Ukimwagiza mtu mjini, mpe ndoano ya mfano aende nayo.

Kumbuka pia kwamba ndoano na chambo ni ndugu. Chambo kikubwa kwenye ndoano ndogo huifunika ncha, samaki akavuta na kuondoka. Chambo kidogo kwenye ndoano kubwa huachia chuma wazi. Ukibadili kimoja, badili na kingine.

Hesabu ya faida: Soko ndilo linaloamua

Sasa tuje kwenye fedha, maana ndilo lililokuwa swali la mama wa Soweto. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu. Kila mmoja aweke za kwake. Tuchukue mvuvi mwenye ndoano 100 kwa usiku mmoja.

Akitumia ndoano ndogo, tuseme anapata samaki 20 wa nusu kilo kila mmoja, yaani kilo 10. Akiuza kilo kwa shilingi 5,000 anapata shilingi 50,000. Chambo cha shilingi 100 kwa kila ndoano kimemgharimu shilingi 10,000. Kinabaki shilingi 40,000.

Akitumia ndoano kubwa, tuseme anapata samaki 6 tu, lakini kila mmoja ana kilo 2, yaani kilo 12. Kwa kuwa ni wakubwa, anauza kilo kwa shilingi 7,000 na kupata shilingi 84,000. Chambo kikubwa ni shilingi 300 kwa ndoano, jumla shilingi 30,000. Kinabaki shilingi 54,000. Ndoano kubwa imeshinda kwa shilingi 14,000.

Lakini usiku ukiwa mbaya akapata samaki 4 badala ya 6, mauzo ni shilingi 56,000. Ukitoa chambo, kinabaki shilingi 26,000. Ndoano kubwa imeshindwa kwa shilingi 14,000 zilezile. Akipata 5, mizani inalingana kabisa: shilingi 40,000 kila upande. Kwa hiyo tofauti ya faida na hasara ni samaki mmoja tu, juu au chini ya watano.

Sasa angalia jambo ambalo wengi hawalioni. Tuseme soko halitofautishi wakubwa na wadogo, kilo zote ni shilingi 5,000. Wale samaki 6 wa ndoano kubwa wataleta shilingi 60,000, na baada ya kutoa chambo kitabaki shilingi 30,000. Ndoano ndogo yenye shilingi 40,000 imeshinda, ingawa kilo zake ni pungufu. Ili ndoano kubwa ilingane nayo, mvuvi angehitaji samaki 7 badala ya 5.

Maana yake ni kwamba si ziwa peke yake linaloamua ukubwa wa ndoano. Soko nalo linaamua. Mvuvi asiyejua tofauti ya bei kati ya samaki mkubwa na mdogo Soweto, Mwanjelwa au Uyole anachagua ndoano gizani. Na anayeijua tofauti hiyo ni mchuuzi. Hivyo mvuvi na mchuuzi wakificha bei kila mmoja kwa mwenzake, wote wawili wanapoteza. Simu moja ya jioni kueleza bei ya leo inaweza kuwa na thamani kuliko pakiti nzima ya ndoano.

Upande wa mchuuzi

Mchuuzi naye asikimbilie wakubwa bila kuwajua wateja wake. Samaki mkubwa hupendwa na hoteli, wenye sherehe na watu wa mishahara mwisho wa mwezi. Mama lishe na mama wa nyumbani mwenye elfu mbili mkononi hutaka fungu la wadogo, au kipande. Mkubwa akikaa siku mbili bila mnunuzi, mtaji wote umelala ndani ya samaki mmoja. Wadogo waliobaki unaweza kuwakaanga au kuwakausha jioni, na kesho wakauzika.

Anayeuza vipande ana nafasi nzuri zaidi. Hununua mkubwa kwa kilo, akauza kichwa kwa wapenda supu, minofu kwa hoteli na mkia kwa mwenye fedha kidogo. Lakini apime. Kichwa na mifupa ni sehemu kubwa ya uzito wa kambale, na anayenunua kwa kilo bila kukumbuka hilo anaweza kujikuta ameuza minofu kwa hasara huku akidhani anapata faida.

Chambo nacho ni biashara

Kwa mkulima asiye na mtumbwi, kuna mlango mwingine. Kando ya Ziwa Victoria, wavuvi wa sangara hutumia kambale wadogo walio hai kama chambo kwenye kamba zao ndefu. Mahitaji hayo yaliwafanya wafugaji wengi wa Uganda na Kenya kuzalisha vifaranga vya kambale na kuwauzia wavuvi kwa idadi. Hapo mfugaji hauzi kilo, anauza urefu. Kifaranga kilichopita kipimo cha mvuvi hakina soko kama chambo, na kisichofikia kipimo nacho hakinunuliwi.

Kwa maeneo yetu yenye joto, kama Kyela na bonde la Usangu, ufugaji wa kambale unawezekana vizuri kuliko kwenye baridi ya Uporoto, ambako hukua polepole. Ila mfugaji ajue kwamba sheria ya mdomo inafanya kazi bwawani pia. Kambale waliotangulia kukua huwala wenzao waliochelewa. Asiyewatenga kwa ukubwa mara kwa mara ataweka elfu na kuvua mamia, akamsingizia ndege au mwizi. Chekecheo la bei nafuu na matangi mawili matatu huokoa vifaranga wengi.

Tahadhari moja ni muhimu. Usichukue samaki hai kutoka ziwa au bonde moja ukamwaga au kumtumia kama chambo kwenye jingine. Naivasha iliingiliwa na samaki aina ya karpu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na baada ya mwaka 2010 ndiye aliyetawala mavuno ya ziwa hilo, huku besi akibaki wa kutafutwa. Kile kinachoingia majini leo hakitolewi kesho.

Mkubwa naye ana zamu yake

Hapa sina budi kusema jambo ambalo halikumfurahisha mama wa Soweto nilipomwambia. Samaki mkubwa si mali ya kuuza tu, ni mbegu. Jike kubwa hutaga mayai mengi kuliko dogo kwa mbali sana. Mbasa hupanda mito inayoingia Ziwa Nyasa wakati wa maji mengi ili kutaga. Wakati huo wakubwa hukusanyika midomoni mwa mito na kunaswa kwa urahisi. Anayewafagia hapo anauza mbegu na shamba kwa pamoja. Kwa mkulima wa mahindi hilo halihitaji maelezo: hakuna anayekula mbegu ya msimu ujao akategemea mavuno.

Kwa upande wa wadogo, sheria inasema wazi. Ziwa Victoria, sangara asiyefikia sentimita 50 na sato asiyefikia sentimita 25 hawaruhusiwi, na mzigo ukikamatwa hutaifishwa. Uvuvi nchini unasimamiwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na Kanuni za mwaka 2009 pamoja na marekebisho yake. Kila ziwa lina masharti yake ya zana, kwa hiyo kabla ya kununua pakiti ya ndoano au wavu, muone afisa uvuvi wa wilaya. Kyela kuna pia kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI.

Uzuri wa ndoano, tofauti na kokoro, ni kwamba inachagua. Kokoro hukusanya mayai, watoto na wazazi. Mwenye ndoano ya ukubwa wa kati, akiiweka mbali na midomo ya mito msimu wa kutaga, huwaacha watoto wakue na wazazi wazae, akavuna walio katikati. Hao wa katikati ndio pia wanaouzika haraka Soweto, kwa kuwa si wadogo wa kudharauliwa wala wakubwa wa kumshinda mnunuzi.

Nilichomshauri

Niliporudi kwa mama wa Soweto nilimpa ushauri huu, na ninautoa kwako pia ndugu msomaji.

Kwanza, msinunue ndoano za aina moja. Gawanyeni fedha mara mbili: nusu za kati na nusu kubwa kidogo, zote zikiwa zimepimwa kwa rula. Zitegwe usiku uleule na mahali palepale, ili msije mkasifu ndoano kwa kazi iliyofanywa na mbalamwezi.

Pili, mvuvi awe na daftari. Kila asubuhi aandike mambo manne: ndoano ipi, chambo gani na cha urefu gani, samaki wangapi, na kilo ngapi. Mchuuzi aandike bei ya kila ukubwa na siku iliyouzika. Waswahili wa leo husema mali bila daftari hupotea bila habari, na samaki ni mali inayopotea kuliko nyingine zote.

Tatu, msiamue kwa usiku mmoja. Usiku wa samaki mmoja wa ajabu unaweza kuwapoteza kwa mwaka mzima. Subirini mwezi wote upite, wenye giza na wenye mwanga, ndipo mjumlishe.

Nne, gharama ya chambo ihesabiwe hata kama mvuvi amekivua mwenyewe. Samaki uliyemkata kuwa chambo ungeweza kumuuza.

Tano, mkopo usiwekwe wote majini. Kamba hukatika, ndoano huibwa, upepo wa Nyasa haubishi hodi. Mama alibakiza theluthi ya fedha yake kwa ajili ya biashara ya kila siku, na nadhani huo ndio uamuzi bora kuliko yote niliyomshauri, tena ulikuwa wake mwenyewe.

Nilipopita Soweto miezi kadhaa baadaye, nilimkuta na daftari la jalada la bluu lililolowa maji ya samaki. Ndoano kubwa zilikuwa zimeleta samaki wa kujivunia, lakini usiku mwingi zilirudi tupu. Zile ndogo alizozitaka mvuvi hapo awali hazikununuliwa tena. Za kati ndizo zilizolipa marejesho ya kikundi.

"Kumbe tulikuwa tunabishana wote tumekosea," alisema huku akimkatia mteja kipande cha kambale.

Nilimuuliza kama mvuvi amekubali kuacha mdomo wa mto wakati wa mbasa kupanda. Alinyamaza kidogo, akafuta kisu.

"Amekubali mwaka huu," alisema. "Mwaka ujao tutaona. Jirani zake bado wanaenda."

Hapo ndipo hesabu ya mtu mmoja inapoishia na ya kijiji inapoanza. Mvuvi mmoja anaweza kuchagua ndoano yake, lakini samaki mkubwa wa kesho anahitaji wavuvi wote wa ufukwe ule wakubaliane. Kamati za kusimamia rasilimali za uvuvi za vijiji zipo kwa kazi hiyo. Wachuuzi nao, ambao fedha yao ndiyo inayonunua ndoano, wana haki ya kwenda kwenye vikao hivyo na kusema ni samaki gani watawanunua na wapi waliovuliwa hawatawagusa.